Lori la Chumvi

Mwandiko wangu ulikuwa wa kuku. Naanza na hilo kwa sababu kama ningejaliwa mwandiko wa maana, haya yote yasingetokea, na pengine leo ningekuwa na rafiki mmoja zaidi.

Nilikuwa kidato cha pili katika shule ya bweni ya wasichana, nje kidogo ya Kitale, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, wakati simu ya mkononi ilikuwa bado kitu cha kuning'inizwa shingoni ili watu waione. Nilikuwa natunga riwaya. Ndani yake kulikuwa na nchi ya siku zijazo ambayo wakubwa wake wameamua kwamba chakula hakitoshi, basi kila mtoto akifika miaka kumi na mitano anafanyishwa mtihani, na wanaoanguka wanafukuzwa ng'ambo ya mto wasirudi tena. Wasichana wanne waliofukuzwa wanakutana huko porini na kuanza kuishi pamoja. Kiongozi wao hakuwa na jina, aliitwa Kiongozi tu. Huyo, bila shaka, nilikuwa mimi. Hao wengine watatu niliwapa majina ya wasichana niliolala nao kwenye kyubu, kile kijichumba cha vitanda viwili vya ghorofa ndani ya bweni.

Mmoja wao alitoka Tongaren, kule kwenye skimu, ambako babu zao walipewa mashamba baada ya wazungu kuondoka. Alikuwa mpole, mwenye mikono mikubwa ya kulima, na mwandiko wake ungedhani umetoka kiwandani. Wa pili alikuwa na dada yake mkubwa aliyesuka nywele mjini Kitale na kukaa mtaa wa Matisi. Wa tatu alitoka miteremko ya Mlima Elgon, na alikuwa akiomba kabla ya kula, kabla ya kulala na kabla ya hesabu.

Kila Jumamosi mchana, baada ya kufua, tulikuwa tukikaa kwenye nyasi kulinda nguo zetu kambani, maana ukigeuka kidogo sketi yako imekwenda. Hapo ndipo nilipotunga. Nilikuwa natembea huku na huku nikitamka, na yule wa Tongaren anaandika kwenye rafu, daftari la kuandikia ovyo. Katikati ya wiki alinakili vizuri kwenye kaunta buku, lile daftari nene la jalada gumu, na kaunta buku ikazunguka bweni zima. Mimi kitabu sikuwa nakisoma tena. Ya nini? Kilikuwa kichwani mwangu.

Siku moja aliniambia kwa sauti ndogo, "Hapa kwa ile ngazi, mimi niliandika kamba. Si kwa msitu hakuna ngazi?"

Nilimnyang'anya daftari nikaurarua ukurasa ule mbele ya macho yake. Nikamwambia kazi yake ni mkono, si kichwa. Ndivyo nilivyosema, na nilikuwa na miaka kumi na sita. Yeye akaokota vipande, akanakili upya na ngazi yangu ndani, na hakuniuliza tena kitu.

Basi miaka ile shule zilikuwa zikichomwa na wanafunzi wenyewe. Ulikuwa ukisikia leo bweni la huku limeungua, kesho la kule, na walimu walikuwa wakilala jicho moja wazi. Naibu wa mwalimu mkuu wetu, ambaye tulimwita Deputi, alikuwa mama mkali lakini wa haki, aliyetoka upande wa mashariki mwa nchi na hakuwa amemaliza hata mwaka mmoja huku kwetu. Alhamisi moja alifanya msako masandukuni. Akakikuta kitabu chetu chini ya blanketi la yule wa mlimani, kati ya Biblia na sabuni.

Tuliitwa wanne wote. Deputi alikuwa ameshika kile kitabu kwa vidole viwili tu, kama panya aliyekufa.

"Jumamosi tutachoma," akasoma. Kisha akatutazama mmoja baada ya mwingine. "Ni nani Kiongozi?"

Nilipigwa na butwaa, na si kwa hofu tu. Neno hilo sikuwa nimelitunga mimi. Nilijua kila sura ya riwaya yangu. Kulikuwa na simba, kulikuwa na mafuriko, kulikuwa na Kiongozi akihutubia juu ya jiwe kwa kurasa tatu nzima, lakini hakuna mahali mtu alichoma chochote. Nilimwangalia yule wa Tongaren. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Ni hadithi tu, madam," akasema kwa sauti isiyosikika vizuri.

"Hadithi!" Deputi akafunga kitabu. "Iko na majina yenu. Iko na siku. Iko na zamu ya kila mtu. Mnafikiri mimi nilizaliwa jana?"

Tulipewa barua, tukaambiwa twende nyumbani, turudi Jumanne na wazazi. Jumanne hiyo ndipo ingejulikana Kiongozi ni nani, na huyo angefukuzwa kabisa, asingekuwa na haja ya kurudi na sanduku. Wengine wangesamehewa.

Nyumbani hatukwenda. Mama yangu alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali Bungoma, mwanamke ambaye hakuwahi kunipiga hata siku moja kwa sababu hakuhitaji. Alikuwa akinyamaza tu. Niliona afadhali nikutane na simba wa riwayani. Yule wa mlimani alikuwa analia tu, na yule wa Tongaren alisema baba yake yuko katikati ya kupalilia, akimpelekea habari hiyo leo jembe litamwanguka. Kwa hiyo tulishuka Matisi kwa miguu, masanduku vichwani, hadi kwa yule dada msusi.

Alitufungulia mlango na kitana kikiwa bado kwenye nywele zake.

"Ati mmefukuzwa? Nyinyi wote?" Akatuhesabu kama mtu anayehesabu vitanda. "Haya. Mpaka Jumapili. Lakini mimi nashinda kazini, mtajipikia. Unga iko hapo."

Chumba kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia la maua. Nakiri, pamoja na hofu yote, nilifurahi. Tulikuwa wanne, tumefukuzwa, na tunaishi pamoja. Nilichukua karatasi nikaandika zamu na kuibandika ukutani kwa sabuni: nani achote maji, nani awashe jiko, nani alinde mlango. Mimi nilijiandikia kulinda mlango. Hakuna aliyeweza kuusoma mwandiko wenyewe.

Aliyepewa jiko alikuwa yule mdogo wa msusi. Alimaliza nusu ya kiberiti na gazeti zima, moshi ukatutoa nje, majirani wakachungulia. Nikajaribu mimi, Kiongozi. Nikapuliza mpaka nikaona nyota. Mwishowe yule wa Tongaren alitoka nyuma ya pazia, akayapanga upya yale makaa, akatafuta gunzi la mahindi, akalichovya kwenye mafuta taa, akawasha kwa njiti moja.

Njiti moja tu. Wengine walishangilia. Mimi nilisimama pale mlangoni nikimwangalia alivyolishika lile boksi la kiberiti, kwa starehe, kama kitu chake. Nikajiuliza maswali ambayo bado nayaonea haya. Je, ni kweli? Je, huyu mtu mpole ameficha mipango yake ndani ya riwaya yangu kama mtu anavyoficha bangi ndani ya gunia la maharagwe ya mwenzake? Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na huyu nilikuwa nashiriki naye hata nguo.

Siku zile tatu yeye ndiye aliyetulisha. Sukuma wiki ya sokoni hatukuwa na uwezo nayo, lakini alizunguka nyuma ya ploti, kando ya mitaro, akarudi na upande wa kanga umejaa mboga za kienyeji, mrenda na saga, zilizojiotea. Mimi nilizipita asubuhi ile ile nikadhani ni magugu. Kisha akaenda kwa bibi mmoja jirani, wakaongea Kibukusu kwa muda mrefu na kucheka, akarudi na kichupa cha maji ya rangi ya chai. Akatia matone machache kwenye sufuria na mrenda ukalainika, ukavutika vizuri kwenye kijiko.

"Ni nini hiyo?" nikauliza.

"Munyu," akasema. "Kwani kwenu mnapikia nini?"

"Magadi. Ya dukani."

Akatabasamu kidogo, akaendelea kukoroga. Mimi nilikuwa mtoto wa nyumba za serikali, na munyu kwangu lilikuwa neno la Kibukusu la chumvi, basi. Nilikula sahani mbili. Nilikula chakula chake huku nikimshuku, na chakula kilikuwa kitamu, na hilo lilinichanganya zaidi.

Jumamosi nilishindwa kuvumilia. Tulikuwa tumeketi wawili nje, tunachambua mboga.

"Hilo neno la kuchoma," nikamwambia, "ulilitoa wapi? Mimi sikulisema."

Mikono yake ilisimama.

"Wewe kitabu ulikisoma lini?" akauliza.

"Nikisome cha nini? Si ni changu?"

"Sawa," akasema. "Basi kama ni chako."

Nilikasirika nikaingia ndani. Leo najua alikuwa ananifungulia mlango, nami nikaupiga teke. Alitaka nimwulize vizuri, kwa sauti ya mtu asiyerarua kurasa. Wakati ule niliona kiburi tu, nikajiambia kwamba mtu asiye na hatia angejibu swali.

Jumapili dada msusi alitutoa mmoja mmoja, na kila mtu akashika njia ya kwao. Mama aliisoma barua akiwa amesimama, akaikunja mara nne.

"Ni kweli?" akauliza.

"Mimi sikuandika hayo maneno, Mama. Haki ya Mungu."

"Sikuuliza hivyo," akasema, na huo ndio ulikuwa mwisho wa mazungumzo hadi Jumanne.

Ofisini kwa Deputi wazazi walipewa viti, sisi tukasimama ukutani. Mama alikuwa na sweta yake ya kazini na mkoba magotini. Baba wa yule wa Tongaren alikuja na koti kubwa na gambuti zenye matope makavu, kofia mkononi, akakalia ukingo wa kiti kana kwamba anaogopa kukichafua. Yule wa mlimani alikuja na shangazi yake, na yule mwingine na dada yake msusi, lakini hao wote walikaa kimya mpaka mwisho.

Deputi akafungua kaunta buku mahali alipoweka kipande cha karatasi.

"Wazazi, nitawasomea, halafu mtaniambia kama ni hadithi." Akavaa miwani. "'Jumamosi tutachoma. Kiongozi alisema kila mtu alete maganda makavu, na mmoja alete kiberiti, na mwingine debe lililotobolewa chini. Tuchomee nyuma ya ghala, upepo ukitulia, mpaka yawe majivu matupu.'" Akatutazama juu ya miwani. "Nyuma ya ghala. Stoo yetu ya chakula iko hapo, mnaiona dirishani. Na msikie dharau: 'Majivu yakipoa tutamwagia maji, na baadaye tutakula vizuri.' Wachome shule, halafu wale!"

Nilimsikiliza kwa mdomo wazi. Hapakuwa na ghala katika riwaya yangu. Wasichana wangu walikuwa na bendera, na katiba, na jiwe la kuhutubia. Hawakuwa na ghala!

"Sasa," Deputi akasema. "Huu mwandiko ni wa nani, hiyo tunajua. Lakini nataka kusikia. Nani aliandika haya maneno?"

"Ni mimi," yule wa Tongaren akasema.

Baba yake akainua kichwa. Deputi akanigeukia mimi, sijui kwa nini mimi. Pengine kwa sababu nilisimama karibu na yule wa Tongaren, bega kwa bega.

"Ni kweli?"

Nilijua anachouliza. Nilijua jibu langu litamfungia mtu sanduku lake. Ningeweza kusema kitabu ni changu, kwamba Kiongozi ni mimi, kwamba huyu alikuwa mkono tu. Hayo nayo yalikuwa ya kweli. Nilichagua ukweli ulionifaa.

"Ni kweli, madam. Hayo maneno si yangu."

Mwenzangu hakunitazama. Nilihisi bega lake likisogea, likaacha nafasi ndogo kati yetu.

Deputi akachukua kalamu. Hapo ndipo yule mzee akakohoa.

"Mwarimu, samahani," akasema. "Hebu rudia hapo kwa debe. Maganda ya nini?"

Deputi akatafuta mstari. "Maharagwe. Mbele kidogo wanasema maganda ya maharagwe."

"Na debe imetoborewa chini?"

"Ndiyo."

Yule mzee akaanza kucheka. Alicheka kwa aibu kwanza, akifunika mdomo kwa kofia, halafu akashindwa. "Mwarimu, hiyo si kuchoma shure. Hiyo ni munyu! Chumvi ya kienyeji. Unachoma maganda, majivu unatia kwa debe, unamwaga maji juu porepore, yanatoka chini, unapikia mboga. Mama yangu ndiye arimfundisha huyu mtoto. Sisi turipokuja skimu, duka hakuna, chumvi hakuna. Na kitu ya kwanza kujenga ni ghara, kabra ya nyumba. Watu wararie nje, mahindi irare ndani." Akamgeukia binti yake, macho yana maji ya kicheko. "Kwani uriandika mambo ya kukhu?"

Kukhu ni bibi. Binti yake akatikisa kichwa kukubali, machozi yakimtiririka, na hata hakuyafuta.

Deputi akaanza kusoma kimya, akirudi nyuma kurasa, sasa taratibu. Mtu mwingine yeyote pale ningesema alikuwa na furaha au nafuu. Mimi sikujua nina nini. Aibu ilinipanda, lakini chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine kinachochemka, na ndicho kilichotangulia kutoka.

"Na lori langu?" nikasema.

Deputi akaacha kusoma. "Lori gani tena?"

"Chumvi ilikuwa itoke kwa lori! Lori la chumvi linaanguka mtoni, Kiongozi anaogelea anatoa magunia. Nilisema mimi. Jumamosi ya tatu. Liko wapi?"

Naapa Deputi alichukua kalamu akaandika "lori" pembeni mwa karatasi, halafu akajitazama alichoandika, akakikata.

"Hiyo lori ingetoka wapi?" yule wa Tongaren akasema, bado analia, lakini kwa mara ya kwanza alinitazama usoni. "Si walifukuzwa kwa sababu hakuna kitu? Nani angewapelekea lori? Na ikianguka kwa mto, dereva si anakufa? Wewe dereva hukumsema hata kidogo."

Katika majuma yote yale sikuwahi kukumbuka kwamba lori huwa na dereva.

Turudi shuleni, ndivyo Deputi alivyoamua, wanne wote, na adhabu ya kufyeka uwanja kwa siku mbili kwa kuandika riwaya badala ya kudurusu. Kitabu alibaki nacho. Nasikia baadaye kilionekana chumba cha walimu, wakikigombania, na kwamba wasichana wangu wanne walipomaliza kujenga ghala hawakutaka tena kuvuka mto kurudi kwao, hata walipoitwa. Hilo nalo sikulitunga. Mimi nilikuwa nimepanga warudi kwa shangwe, Kiongozi mbele juu ya farasi.

Wakati wa kufyeka nilimwomba msamaha yule wa Tongaren. Nilisema haraka haraka, nikiwa nimeinama, kwa kisingizio cha nyasi.

"Lakini ulisema ukweli," akanijibu. "Hayo maneno hayakuwa yako."

Hakulisema kwa hasira. Ningependa angekasirika. Alifyeka mstari wake akanipita, na muhula uliofuata alihamia kyubu nyingine, karibu na dirisha, akaendelea kunisalimia kila asubuhi kama anavyosalimiwa mtu yeyote wa bweni lile. Nilimaliza shule bila kujua kama mimi ndiye niliyeandika riwaya au ni yeye. Sijui hadi leo. Kilichokuwa kizuri ndani yake kilikuwa chake, na bila tembea-tembea yangu kule kambani kisingekuwapo. Hesabu hiyo nimeipiga miaka mingi, inakataa kutoka.

Shule zilipofungwa nilirudi Bungoma. Jioni moja Mama alileta mrenda kutoka kwao Myanga, tukaketi jikoni kuuchambua, majani huku, vijiti kule. Nilipoinuka kuchukua pakiti ya magadi, aliniambia niache, akatoa kichupa mfukoni mwa aproni. Maji ya rangi ya chai.

Nilikitazama kile kichupa.

"Mama, wewe unajua munyu?"

"Nimezaliwa Myanga, nikose kujua munyu?"

"Kwa hivyo siku ile ofisini..."

"Nilijua mwalimu alipotaja debe. Kabla ya yule mzee."

"Na mbona hukusema?"

Mama alishika shina la mrenda, akaling'oa majani yote kwa mkupuo mmoja, akaliweka kando.

"Nilikuwa nakungoja wewe," akasema. "Wewe ndiye ulikuwa umesimama karibu na mwenzako."

Kisha akanisogezea fungu lingine la mboga, nami nikaendelea kuchambua.